Kufunika Thamani Katika Safu za Ndani kwa PHP

Tuchukue mfumo wa mauzo wa duka lenye makao yake Kariakoo na tawi Mbagala. Makao yana safu (array, yaani kundi la thamani zenye funguo) ya mipangilio ya matawi yote: VAT ni asilimia 18, saa za eneo ni Africa/Dar_es_Salaam, risiti ina upana wa milimita 80 na nakala 2, na malipo hupokelewa kwa taslimu, simu au kadi. Mbagala inatumia karatasi ya milimita 58 na haipokei kadi, kwa hiyo safu yake inataja mambo hayo mawili tu, na mengine yote inapaswa kuyarithi.

Ukitumia array_merge, kazi (function) ya lugha ya programu ya PHP inayounganisha safu, safu nzima ya risiti itabadilishwa na ile ya Mbagala, na idadi ya nakala itapotea, kwa sababu kazi hiyo haishuki ngazi ya pili. Alama ya + nayo haishuki, tena huipa kipaumbele safu ya kushoto. Wengi hukimbilia array_merge_recursive kwa kuvutwa na jina lake, lakini hiyo haifuniki bali hukusanya: upana utakuwa safu yenye 80 na 58 pamoja, jambo ambalo printa haitalielewa.

Inayokaribia haja yetu ni array_replace_recursive, iliyopo tangu PHP 5.3. Upana unakuwa 58 na nakala zinabaki 2. Hata hivyo, orodha ya malipo huilinganisha kwa nambari za nafasi: nafasi ya 0 na ya 1 zinafunikwa, ilhali nafasi ya 2, yenye kadi, inabaki ilivyokuwa. Kwangu hili ndilo kosa baya kuliko yote, maana halitoi onyo lolote. Mtunza fedha wa Mbagala ataona kitufe cha kadi na kumwahidi mteja huduma isiyokuwapo.

Kwa hiyo amua kwanza: safu yenye funguo za majina iunganishwe kwa kina, na orodha, yaani safu yenye nambari za nafasi tu, ibadilishwe nzima. Kuanzia PHP 8.1, array_is_list hutofautisha hizo mbili:

```php
function funika(array $msingi, array $tawi): array {
    foreach ($tawi as $ufunguo => $mpya) {
        $awali = $msingi[$ufunguo] ?? null;
        $zotePana = is_array($awali) && is_array($mpya)
            && !array_is_list($awali) && !array_is_list($mpya);
        $msingi[$ufunguo] = $zotePana ? funika($awali, $mpya) : $mpya;
    }
    return $msingi;
}
```

Iite kwa kutanguliza mipangilio ya makao, kisha ya tawi, na uyakague matokeo kwa var_export, inayochapisha yaliyomo kwenye safu, kabla ya kuyapeleka dukani. Jaribu hasa safu tupu, kwa kuwa PHP huihesabu kuwa orodha: tawi likiandika malipo kuwa [], njia zote za malipo zitafutwa, kama inavyotarajiwa, lakini likiandika risiti kuwa [], upana na nakala vitafutwa pia. Tawi lisilo na la kubadilisha kwenye risiti lisiutaje ufunguo huo kabisa.