Oili ya stelingi ya Toyota Altezza na gari nyengine za spoti za zamani: soma kifuniko kwanza

Ukisikia stelingi inalia ngiiii kila ukikata kona usikimbilie dukani, funguwa boneti usome kifuniko cha kile kichupa cha oili. Nusu ya maswali ninayoulizwa na vijana wenye gari za spoti jibu lake liko pale pale, ila gari ina miaka ishirini na kitu, vumbi na grisi zishafunika maandishi. Altezza yangu ya 1999 nilikaa nayo miezi minane sijui kama pale pameandikwa kitu, siku moja nkachukua kitambaa nkatia petroli kidogo nkasugua, maneno yakatoka: ATF DEXRON II au III. Yaani muda wote ule ilikuwa haitaki oili iliyoandikwa ya stelingi, inataka ile nyekundu ya gia boksi ya otomatiki.

Hapo ndipo tunapochanganyikiwa wengi, maana chupa kuandikwa kwa maneno makubwa kuwa ni ya stelingi haina maana inaingia kila stelingi. Gari nyingi za Japani za miaka ya tisini, nazungumzia Altezza, Supra, Celica, Silvia, Skyline, RX-7, Impreza, zilitengenezwa zitumie ATF. Honda wana mambo yao, Prelude na Integra za wakati ule zinataka oili ya stelingi ya Honda yenyewe, kwa hivyo mwenye Prelude asimsikilize mwenye Altezza hata kama ni ndugu yake wa tumbo moja. Na S2000 usiumize kichwa kabisa, stelingi yake ya umeme, kichupa hakuna, mtu akitaka kukuuzia oili yake mwambie ahsante uondoke. MR2 ile ya umbo la pili, zenye pawa stelingi, zina kichekesho chake, pampu inazungushwa na mota ya umeme si mkanda, lakini oili imo na ni ATF vile vile.

Ukija kwa Wajerumani ndio usome mara mbili. BMW za mwishoni mwa tisini kuingia elfu mbili zipo zilizoandikwa ATF na zipo zilizoandikwa CHF 11S, hiyo ni oili ya aina nyengine kabisa, na unaweza ukazikuta mbili za umbo moja zimepaki pamoja kila moja na yake. Porsche 944 ni ATF, 996 ni CHF 11S ya jina la Pentosin. Hiyo CHF ni ya kijani, sinthetiki, nyepesi sana kuliko ATF, na hizi mbili hazichanganywi. Kama kifuniko kishabadilishwa au hakisomeki tafuta kitabu cha gari, kipo intaneti hata kama ni cha Kijapani, andiko la ATF utaliona tu kwa herufi zetu hizi hizi.

Mie kabla ya kukisugua kile kifuniko yashanikuta. Fundi mmoja alinambia imepungua kidogo ngoja nikuongezee, akamimina kutoka kichupa kidogo, nami nko na simu sikuangalia. Wiki mbili stelingi ikaanza kutoa jasho, mwezi haujesha oili inachuruzika kwenye ule mpira wa mikunjo wa reki, yaani ule mtambo wa chini unaogeuza tairi, upande wa kushoto. Kumbe alitia oili ya breki! Sasa oili ya breki ni glaikoli, na sili za stelingi ya ATF, ile mipira ya ndani inayozuia oili isivuje, zimetengenezwa kwa mpira unaopatana na oili inayotokana na mafuta ya ardhini, ikiingia ile ya breki sili zinavimba zinalainika kama andazi lililorowa chai, kisha zinaachia. Nkaagiza reki ya yuzdi Dar ikaja na boti, pesa ile ningeweza kununua ATF ya kuogea. Kwa hivyo kama umetia ya breki kwa bahati mbaya na hujawasha gari usiwashe, itoe yote usafishe, ukishawasha ishazunguka mfumo mzima.

Turudi dukani. Utakuta chupa za Dexron III na Dexron VI, hapa pana jambo la kujuwa. GM, yaani General Motors wa Marekani, ndio wenye jina la Dexron, na leseni za Dexron III walizifunga mwishoni mwa 2006, kwa hivyo chupa mpya inayosema Dexron III leo ni kauli ya aliyeitengeneza, GM hakuikagua. Si kwamba ni mbaya, kampuni zenye jina zinatengeneza oili nzuri tu ya kiwango kile, lakini chupa isiyo na jina la maana, lebo imekaa upande, namba ya toleo hamna, mie hiyo siigusi hata kwa bei ya bure. Dexron VI ni nyepesi kidogo, GM wanasema inaweza kushika nafasi ya zile za nyuma na kweli kwenye stelingi inafanya kazi. Ila pampu ya miaka ishirini na tano iliyochoka, na joto letu hili la kaskazi, mie nachukua ya aina ya III kwa sababu nzito kidogo ndio inayoisaidia. Hayo yangu, mwengine atakwambia vyengine. Zile dawa za kuziba kuvuja zinazovimbisha sili nakushauri uzipite, zinakununulia muda tu kisha sili zinaharibika zaidi.

Na usichague kwa rangi yakhe. Wekundu wa ATF ni rangi iliyotiwa ili ukiona tone chini ujuwe limetoka wapi, haikwambii ndani ni kitu gani. Rangi itumie kujuwa hali ya ile iliyokuwemo tayari: mpya inang'ara kama juisi ya rozela, iliyochoka inakuwa kama kahawa ya barazani na ukiinusa ina harufu ya kuungua. Ikiwa na povu jepesi kama tui lililotiwa rangi basi kuna hewa inaingia, mara nyingi pale mpira wa kuvutia oili unapoingia kwenye pampu, kuna o-ringi ndogo pale, yaani pete ya mpira, ikikauka inavuta hewa bila hata kuvuja tone. Mlio unaousikia mara nyingi ndio huo, utabadilisha oili mara tano na itaendelea kulia. Badilisha o-ringi kwanza.

Haya, kubadilisha. Stelingi inashika kama lita moja hivi lakini nunua mbili au tatu maana ya kwanza inakwenda kusafisha. Nyanyua tairi za mbele, weka stendi, usiamini jeki peke yake. Nyonya ile ya kichupani kwa bomba la sindano kubwa la duka la dawa. Kichupa kina mipira miwili, mmoja unakwenda pampu na mmoja unarudisha, wa kurudisha mara nyingi ndio mwembamba, uchomowe na uingize kwenye chupa tupu ya maji ya lita moja na nusu, na pale kichupani ulipouchomowa paziba, mie nilitumia kifuniko cha mpira cha dawa ya sindano, kilikaa sawa sawa kama kimepimwa. Jaza oili mpya, gari IMEZIMWA, mtu ndani azungushe skani kushoto mwisho kulia mwisho pole pole, wewe unaongeza juu kila inaposhuka, kichupa kisikauke hata sekunde. Kwenye chupa utaona mwanzo inatoka nyeusi, kisha rangi ya udongo wa Pemba, kisha nyekundu safi, ikifika hapo simama. Mwanangu ndiye alikuwa kwenye skani, alichoka akanambia baba kwani hii gari inakunywa.

Rudisha mpira, kaza klipu, jaza. Sasa kutoa hewa: bado gari imezimwa, zungusha mwisho hadi mwisho kama mara ishirini, ongeza, ndio uwashe, iwache sailensa bila kukanyaga mafuta, zungusha tena pole pole. Ukifika mwisho usishikilie, sekunde mbili tatu urudi, maana pale pampu inasukuma kwa presha yote na oili inachemka. Hata siku za kawaida tabia hiyo iache, hasa nyie mnaopaki Malindi hapa Unguja mnakunja skani hadi mwisho na gari imesimama mnabonyeza tu. Ukishusha gari pima kwenye alama, gari ikiwa ya baridi tumia COLD, ikishatembea tumia HOT, usijaze zaidi ikapita.

Ukiwa chini ya gari pale mbele tazama na lile bomba la chuma la kupozea oili linalopita karibu na rejeta. Gari za Nungwi na Paje zinakula upepo wa chumvi kila siku, bomba linaliwa na kutu kwa nje huku juu kila kitu kinaonekana safi. Oili chafu usimwage uwani, kisiwa chetu hichi ni mawe ya matumbawe na maji ya visima yako hapo hapo chini, itie chupani uipeleke gereji wanakokusanya.

Usiku ule nkalaza boksi la karatasi chini ya gari. Asubuhi nkakuta tone moja jekundu usawa wa klipu ya mpira wa kurudisha, ya zamani ishalegea, nkaitia mpya ya kukaza kwa bisibisi. Siku ya pili boksi kavu.