SOMO: Chakula kichachu cha watoto wa nguruwe waliotoka kunyonya, kwa malighafi za huku huku Kusini

Wafugaji wa Masasi, Ndanda, Nachingwea na kwingineko Mtwara na Lindi, habari zenu. Somo la leo ni la wale vitoto wanaohara wiki ya kwanza tu baada ya kuachishwa, wanasinyaa mgongo unatokeza, na mtu anakimbilia dawa wakati tatizo limeanzia kwenye hori.

Iko hivi. Tumbo la kitoto halijaweza kutengeneza asidi ya kutosha. Akiwa ananyonya hana shida maana sukari ya maziwa inageuzwa na bakteria wazuri kuwa asidi humo humo tumboni, sasa siku unamtoa kwa mama yake ile kinga inakata ghafla, unampa pumba kavu, asidi ya tumbo inapungua, na wale bakteria wa kuharisha kina E. coli wanapata nafasi ya kuzaliana. Ukimpa chakula ambacho kimeshachacha unakuwa umempelekea ile asidi kutoka nje. Ndo maana yake yote.

VIFAA: ndoo ya plastiki ya lita 20 yenye mfuniko (ya bati hapana, asidi inakula madini ya bati yanaingia kwenye chakula), mwiko, na kikombe cha togwa iliyochacha vizuri isiyo na sukari. Mtindi pia unafaa, ila togwa kwetu haikosekani.

1. Weka dona kilo 2, pumba laini ya mahindi kilo 1, unga wa makopa (muhogo mkavu) nusu kilo. Makopa yawe yamekauka kabisa, na kama ni muhogo mchungu uwe ulimenywa ukalowekwa kabla ya kuanikwa, ule una sumu usifanye mchezo nao.

2. Maji safi lita 9, yani kila kilo moja ya unga maji lita mbili na nusu hivi. Kama ni ya bomba yenye dawa yaache wazi usiku kucha kwanza, dawa itaua hao bakteria tunaowataka.

3. Mimina togwa, koroga, funika bila kukaza maana inatoa gesi, weka kivulini. Kwa joto letu mara ya kwanza ni siku mbili, ikizidi sana tatu. Koroga asubuhi na jioni.

4. Nusa. Inatakiwa inuke uchachu msafi kama togwa. Mwenye karatasi za kupimia pH (kipimo cha uchachu, namba ikiwa ndogo ndo uchachu mkali) apime, iwe chini ya 4.5, ikifika 4 ndo nzuri zaidi. Ikinuka pombe, hamira imeshinda, nguvu ya chakula imepotea na watoto wanakisusa. Ikinuka uozo au ina ukungu wa rangi, mwaga, osha ndoo, anza upya.

5. Hapa naomba msome mara mbili. DAGAA, SOYA NA PREMIX (ule unga wa vitamini na madini wa dukani) HAVICHACHUSHWI. Masaa ya mwanzo kabla asidi haijapanda kuna bakteria wanakula lisini, hiyo ndo sehemu ya protini inayojenga nyama ya kitoto, wanaigeuza kitu kingine kinachonuka. Wengi wanatupia kila kitu kwenye ndoo moja alafu wanashangaa watoto hawakui wakati dagaa wamenunua kwa hela nyingi! Wewe chachusha wanga peke yake. Ukishachota cha kulisha ndo unachanganyia dagaa waliosagwa nusu kilo, soya iliyokaangwa na kusagwa robo tatu, mashudu ya ufuta gramu 200, na premix kwa kipimo cha kwenye pakiti. Protini inafika kama asilimia 18, inawatosha. Dagaa wa chumvi waoshe, chumvi nyingi inaua nguruwe, hasa maji yakikosekana.

6. Usimalize ndoo. Bakiza kama lita 4 ambazo hazijachanganywa na dagaa, ongeza unga na maji kwa vipimo vile vile, kesho yake tayari.

Huo mchanganyiko ni wa watoto kama 12 wa kilo nane nane kwa siku. Gawa mara nne au tano, kidogo kidogo, hori lioshwe kila mara kwasababu kikishachanganywa dagaa kikilala kinaoza. Waanze kuonjeshwa wakiwa bado wananyonya, na maji ya kunywa yawepo muda wote hata kama chakula ni cha maji.

MASWALI

Swali (Newala): Shikamoo mwalimu. Huku juu maji shida na soya sipati, nina mbaazi gunia zima. Naweza kutumia?
Jibu: Marahaba mama. Mbaazi nzuri sana, ina lisini, ila ichemshe au ikaange kwanza, mbichi inazuia protini isisagike tumboni. Protini yake ni ndogo kuliko soya kwaiyo weka kilo moja na kidogo badala ya robo tatu, dagaa usipunguze. Maji ya mvua yanafaa kama tangi ni safi.

Swali (Tandahimba): Kaka msimu wa korosho mabibo yanaoza tu chini ya mikorosho, si nichachushe hayo?
Jibu: Kwa hawa wadogo hapana ndugu yangu. Mabibo yana sukari nyingi, yanakimbilia kuwa pombe, unajua mwenyewe uraka unavyopatikana. Wape wakubwa, yakiwa mabichi na kwa kiasi. Na maganda ya korosho yasisogee kabisa bandani, mafuta yake yanaunguza.

Swali (Lindi mjini): Napata makombo ya kitimoto bure, niongezee kwenye ndoo?
Jibu: Usithubutu dada. Homa ya nguruwe ya Afrika inaingia bandani kwa njia hiyo hiyo, haina dawa, na uchachu wa ndoo usiutegemee kuua virusi vyake.

Swali (Nachingwea): Wangu wana siku kumi, bado wananyonya na wanahara. Nianze nao?
Jibu: Hapo tatizo siyo chakula. Angalia kama walichomwa sindano ya madini ya chuma siku ya tatu, kausha sakafu, alafu muite daktari wa mifugo leo leo, wa umri huo akihara anakaukiwa maji haraka sana.