Nilivyorudia GMAT, kutoka 535 hadi 625

GMAT ni mtihani wa kuombea nafasi kwenye vyuo vya biashara, kama wa MBA. Mara ya kwanza nilitoka na 535. Alama za GMAT ya sasa zinaanzia 205 mpaka 805, na zote zinaishia na 5. Ile ya zamani, ya 200 hadi 800, iliondolewa mwanzoni mwa 2024, kwa hiyo ukiuziwa kitabu cha mtumba chenye sura za jiometri na kusahihisha sentensi, mwachie mwenyewe.

Mimi ni mhasibu, nashinda na tarakimu kutwa nzima. Niliingia nikijua sehemu ya hesabu ni yangu. Kumbe pale hakuna kikokotoo, wanakupa tu kwenye sehemu ya uchambuzi wa data. Na mtu aliyezoea Excel imfanyie kila kitu, ukimwambia atafute asilimia 35 ya 840 kwa mkono, jasho linamtoka.

Nikitoka tu nilitaka kujiandikisha tena. Sheria inataka usubiri siku 16, na ndani ya miezi 12 unaruhusiwa kufanya mara tano. Nashukuru mshahara ulikuwa bado haujatoka. Siku 16 zinatosha kupoza hasira, kujirekebisha zinakuwa chache. Mimi nilichukua miezi minne, saa moja na nusu kila alfajiri kabla ya kwenda kugombania daladala.

Kazi ya kwanza haikuwa kusoma upya. Nilinunua kaunta buku, nikarudia maswali yote niliyowahi kukosa kwenye mazoezi, kila moja nikiliandikia: nilidhani nini, nini kilinidanganya, nilitumia dakika ngapi. Inachosha. Mdogo wangu alinikuta siku moja akasema, "Dada, unaandika hukumu?" Lakini baada ya wiki mbili niliona kitu: makosa ya kutojua kanuni yalikuwa machache sana. Mengi yalikuwa ya kusoma haraka na ya kung'ang'ania.

Chukua swali la namna hii, nimelitunga mwenyewe. Mama Zuhura aliuza doti ngapi za kanga leo? Taarifa ya kwanza: kila doti aliuza shilingi 12,000, na mauzo yote yalikuwa kati ya 100,000 na 110,000. Taarifa ya pili: asubuhi alifungua duka akiwa na doti 20. Hawataki jibu lenyewe, wanataka useme ni taarifa ipi inatosha kulipata. Mimi wa mtihani wa kwanza ningesema hata zote mbili hazitoshi, maana mauzo kamili hatujaambiwa. Lakini doti haiuzwi nusu. Doti nane ni 96,000, tisa ni 108,000, kumi ni 120,000. Ni tisa tu inayoingia, kwa hiyo taarifa ya kwanza peke yake inatosha. Kwenye kaunta buku langu kosa hili lilijitokeza mara kumi na moja, nikaliandika kwa wino mwekundu juu ya kila ukurasa: KITU HIKI KINAGAWANYIKA?

Kung'ang'ania ndiko kuliniumiza zaidi. Siku ya mtihani wa kwanza nilikutana na swali la mabomba mawili yanayojaza tenki. Nilijua nalijua! Nikalipigania karibu dakika saba, na mwishoni maswali manne yakabaki hayajaguswa. Swali lisilojibiwa linakukata alama, bora hata ungebahatisha. Sehemu ya hesabu ina maswali 21 kwa dakika 45, yaani saba kila robo saa. Kwa hiyo ukimaliza la saba uwe umebakiwa na dakika 30, ukimaliza la 14 ziwe 15. Swali likivuka dakika mbili na nusu, chagua jibu linaloelekea, liwekee alama ya kulirudia, songa. Ukibakiwa na muda unaweza kurudi na kubadilisha majibu matatu kwa kila sehemu. Hayazidi matatu, usijipe moyo.

Kwenye ufahamu wa Kiingereza sikupanda sana. Kilichonisaidia ni kuacha kuchagua jibu kwa sababu ni la kweli duniani. Wao wanataka linaloigusa hoja iliyo mbele yako.

Mitihani rasmi ya majaribio iko sita, miwili ya bure, na usiichezee. Ile ya bure niliimaliza ndani ya wiki moja kwa wasiwasi. Safari ya pili nililipia mingine, nikafanya mmoja kila baada ya wiki mbili, Jumamosi, saa ileile ya mtihani, simu iko chumba kingine. Kituoni huandikii kwenye karatasi, unapewa bao za plastiki na kalamu ya maka, na maka inaandika manene. Nilipeleka karatasi chache stesheneri zikalaminetiwa, nikazoea nazo nyumbani.

Unaweza pia kufanyia nyumbani kwa intaneti. Kwa umeme wa mtaani kwetu, mimi nilikwenda kituoni. Hakikisha jina ulilojiandikishia linafanana na la pasipoti herufi kwa herufi. Chagua mwenyewe sehemu ya kuanza nayo, na zile dakika kumi za mapumziko zichukue. Mara ya kwanza niliziruka nikijiona shujaa.

Alama utaiona kwanza ndipo uamue upeleke chuo gani, kwa hiyo ile 535 yangu hakuna chuo kilichoiona.

Na kama majaribio mawili ya mwisho hayajafika alama unayoitaka, sogeza tarehe. Kusogeza kuna ada, na inapanda kadiri siku inavyokaribia, ila bado ni ndogo kuliko kulipia mtihani mwingine mzima.