Namna ya kuandika wasifu wa mzee aliyekuwa mwalimu, kisha bwana nyama

Mzee akifariki hapa Tanga, mazishi hayangoji. Kwa Waislamu mara nyingi ni siku ileile, na kwa Wakristo ni siku chache tu baadaye. Ndiyo maana wasifu wa msibani huandikwa mbiombio: alizaliwa, akasoma, akafanya kazi, akastaafu, ameacha mjane na watoto. Uandike huo, kwa siku ile unatosha. Mimi nataka kuzungumzia ule wa pili, unaosomwa kwenye khitma ya arobaini au ibada ya shukrani, kisha ukabaki nyumbani ili wajukuu wajue wametoka kwa nani.

Niliuandika wa baba yangu mkubwa. Alifundisha shule za msingi upande wa Muheza na Pangani, halafu akaingia kazi ya wanyamapori Saadani, akawa bwana nyama, yaani askari wa pori, hadi alipostaafu. Watu walimwita Mwalimu mpaka tunamzika, na askari wenzake wa porini walimwita hivyohivyo. Mzee wa namna hii ameishi maisha mawili, na familia yake mara nyingi inayajua nusunusu yote mawili. Kazi ya mwandishi ni kwenda kuwatafuta waliomwona akiwa kazini.

Anza na makaratasi, tena mapema. Kikao cha ukoo kikishamteua msimamizi wa mirathi, vyeti na barua zote huingia kwenye bahasha moja, zikaenda mahakamani na kwenye mfuko wa pensheni, na kuzipata tena ni shughuli. Omba ruhusa, piga picha kila karatasi kwa simu, mbele na nyuma, maana nyuma ndiko wazee walikoandika namba za madeni na majina ya watu. Unazozitaka zaidi ni barua za uhamisho. Zina tarehe, zina kituo alichotoka na anakokwenda, na ukizipanga sakafuni kwa miaka, maisha ya mtumishi wa serikali yanajieleza yenyewe.

Vyeti visome kwa makini. Cha ualimu cha watu wa huku mara nyingi ni cha Korogwe. Kwa upande wa wanyamapori, Pasiansi kule Mwanza ni chuo cha askari, na Mweka karibu na Moshi, kilichoanzishwa 1963, kimewatoa maofisa wengi. Usimwandike mzee kuwa afisa kama alikuwa askari. Wenzake watakuwa wamekaa pale jamvini wakisikiliza, na hakuna heshima inayoongezeka kwa cheo ambacho hakuwa nacho. Vivyo hivyo na jina la mwajiri. Saadani ilikuwa pori la akiba chini ya Idara ya Wanyamapori kwa miaka mingi kabla ya kutangazwa rasmi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ndipo ikawa ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Rasimu ya kwanza iliyozunguka kwenye familia yetu ilimtaja baba mkubwa kuwa mtumishi wa TANAPA, na yeye alikwisha kustaafu kabla ya hapo. Tuliifuta.

Pale ambapo barua hakuna, itabidi utegemee kumbukumbu za watu, na hapa ndipo wengi wanapochoka mapema. Mzee wa kijijini ukimuuliza mwaka gani, atakwambia zamani. Muulize kitu gani kilikuwa kinatokea. Sisi tulikwama kwenye mwaka aliouacha ualimu: shangazi anasema ni kabla ya vita vya Kagera, mdogo wake anasema ni baada. Nikawafuata waliokuwa wanafunzi wake, nikauliza vijana wa mgambo walipoanza kuitwa kwenda vitani, mwishoni mwa 1978, Mwalimu alikuwa wapi. Wawili, kila mmoja kwake na bila kukutana, wakasema alisimama mstarini asubuhi akawasomea majina ya kaka zao wanaoondoka. Basi alikuwa bado mwalimu. Matukio ya kuulizia yako mengi: Azimio la Arusha 1967, uhamisho wa kwenda vijiji vya ujamaa miaka ya sabini, UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, na madarasa yaliyofurika kuanzia 1977, kifo cha Sokoine Aprili 1984, Mwinyi kuingia madarakani 1985, mvua za El Nino 1997 na 1998. Kwa askari wa porini ongeza Operesheni Uhai ya 1989, ile ya kupambana na majangili wa tembo. Hakuna bwana nyama wa wakati ule asiyekumbuka alikuwa kituo gani.

Unapokwenda kwa wazee, nenda baada ya swala ya alasiri, wakati watu wamekaa barazani. Usiende mikono mitupu, kilo ya sukari na majani ya chai vinatosha. Toa shikamoo, toa pole, pokea pole, kaa. Simu ya kurekodia iweke wazi na uombe ruhusa kwanza. Halafu angalia sana unavyouliza. Ukiuliza alikuwa mtu wa namna gani, utajibiwa kuwa alikuwa mcheshi, mpenda watu, mcha Mungu, maneno ambayo kila marehemu husemewa. Uliza vitu vya kushikika: kengele ya shule ilikuwa nini, shamba la shule mlilima nini, alimwadhibu vipi mchelewaji, doria alibeba chakula gani, mto Wami mlivukaje maji yakijaa.

Maswali ya aina hiyo ndiyo yaliyonipa habari ninayoipenda kuliko zote. Mvuvi mmoja wa upande wa Mkwaja, mtu mzima sasa mwenye wajukuu, alinieleza jinsi Mwalimu alivyowazuia kula mayai ya kasa. Ufuko wa Madete, ndani ya Saadani, ni mahali kasa wa kijani wanapopanda kutaga. Watoto wa wavuvi waliijua michirizi ya kasa mchangani kuliko askari yeyote, na mayai yalikuwa kitoweo. Baba mkubwa aliwakuta wamekwisha kulifukua shimo. Hakuwakamata. Aliwaamuru wafukie taratibu, akachomeka kijiti pembeni, akampa kila mmoja kazi ya kuchora mstari mmoja kila siku kwenye mlango wa kibanda cha nyavu, mistari mitano mitano kama hesabu za darasa la pili. Mayai ya kasa huchukua takriban miezi miwili kuanguliwa, na watoto wale walikwenda kukagua mistari yao kila walipotoka baharini. Mvuvi alipofika hapo aliinuka akanionyesha kwa vidole ukubwa wa kasa mchanga. Habari hii haimo kwenye barua yoyote, na ndiyo inayomweleza mwalimu aliyevaa magwanda.

Sasa lililo gumu. Askari wa pori anayekaa karibu na kwao hukamata watu wa kwao. Kuna waliokutwa na magobore, kuna waliotega nyaya, na wapo waliolala mahabusu kwa nyama ya kuro. Baadhi ya ndugu watakwambia uyaache hayo, kwamba marehemu hasemwi. Mimi naona yaandikwe, kwa sababu kuyaficha ni kumwondolea mzee jambo lililomgharimu zaidi maishani. Alikuwa akitoka kazini anapita vibaraza vya watu wasiomwamkia, na aliendelea kupita. Ila usitaje jina la aliyekamatwa, wala kijiji chake kama ni kidogo, na kama habari umepewa na mtoto wa mtu huyo, rudi kwake umsomee aya hiyo kabla ya kuipeleka mbele ya watu. Akikataa, iondoe.

Watoto na wake waandike wote. Hili halina mjadala. Ugomvi mkubwa niliowahi kuuona kwenye shughuli za namna hii ulitokana na mtoto mmoja kurukwa. Kaa na shangazi mkubwa wa ukoo, taja majina kwa mpangilio wa kuzaliwa, pamoja na waliotangulia mbele ya haki.

Kuandika kwenyewe si kugumu ukishakusanya. Wa kusomwa usizidi kurasa mbili, maana watu wana njaa, na shehe au mchungaji naye ana la kusema. Anza na kuzaliwa na wazazi, pita haraka kwenye shule alizosoma, kisha tulia kwenye visa viwili au vitatu vilivyoshiba na uvieleze vyote. Wa kubaki nyumbani unaweza kuwa mrefu utakavyo. Msomaji achaguliwe kwa sauti, si kwa ukubwa wa undugu, na asome kwa sauti nyumbani kabla ya siku yenyewe, hasa majina ya mahali na miaka.

Baada ya kusoma watu watakufuata. Mmoja atasema tarehe fulani siyo, mwingine ana picha aliyopiga pamoja na Mwalimu mwaka wa UPE. Tembea na kalamu siku hiyo, andika jina na namba ya simu ya kila anayekuja, na usichape nakala za mwisho hadi umewazungukia. Ukimaliza, chapisha steshenari kwenye karatasi nzuri: moja kwa kila mtoto wa marehemu, moja kwa mjane, moja kwa kituo chake cha mwisho cha kazi, na moja kwa shule aliyofundisha muda mrefu zaidi. Hiyo ya shule mkabidhi mwalimu mkuu mkononi na uombe iingizwe kwenye jalada la historia ya shule, kwa sababu walimu wakuu huhama na vilivyoachwa mezani huhama nao.