Namna ya Kuwatembeza Abiria wa Meli ya Kitalii katika Mji wa Kale wa Lamu

Mgeni aliyelala katika nyumba ya wageni ya Mkomani, mtaa wa kaskazini wa Mji wa Kale, akichelewa kurudi, hasara yake ni chakula cha mchana kilichopoa. Abiria wa meli akichelewa, meli humwacha. Kwa hiyo mwongozaji anayekabidhiwa kundi la abiria walioshuka kwa saa tatu au nne tu hulazimika kupanga matembezi kinyume na alivyozoea: huanza na saa ya boti ya mwisho, huhesabu kurudi nyuma hadi saa ya kushuka, na akishaona muda uliobaki ndipo huamua ni mahali pangapi patakapoenea humo. Wengi hawafanyi hivyo. Huorodhesha kwanza kila kinachostahili kuonwa Lamu, na vinavyostahili ni vingi, halafu huwakimbiza wazee wa watu vichochoroni katika jua la saa tano.

Jambo la kwanza la kumwuliza wakala wa meli, basi, si saa ambayo meli itang'oa nanga, bali saa ambayo boti ya mwisho itaondoka jetini. Mbele ya Mji wa Kale hakuna gati la meli kubwa, hivyo meli hutia nanga mbali na abiria huletwa kwa boti. Na hata meli ikifunga katika bandari mpya ya Lamu, iliyoko upande wa bara na ambayo gati lake la kwanza lilianza kazi mwaka 2021, bado abiria watahitaji chombo cha kuwavusha hadi kisiwani. Mathalani, boti ya mwisho ikiwa ni ya 13:00, kundi liwe limekwisha kufika jetini saa 12:30, na mahali pa mwisho pa matembezi paachwe saa 12:10. Kundi likishuka saa 9:30, muda wa kutembea unaobaki ni chini ya saa tatu, na humo mna kwenda chooni, kunywa maji, kununua zawadi na kumsubiri yule mmoja anayepiga picha ya kila mlango.

Saa hizo ziandikwe kwa tarakimu za saa 24, kama nilivyofanya hapa, katika karatasi utakayompa nahodha wa boti, msaidizi wako na mtu wa meli. Hesabu yetu ya saa na ya wageni hupishana kwa saa 6, na ukiwaambia wageni kwa mdomo kwamba mtaonana saa nne, umetega mtego ambao wewe mwenyewe huuoni. Uliza pia kama meli imegeuza saa zake kufuata za Afrika Mashariki, kwa kuwa baadhi ya meli hubaki na saa za bandari iliyotangulia, na abiria hufuata saa ya meli, si ya mwongozaji.

Baada ya saa yafuata maji, na hapa ningemwomba mwongozaji mgeni katika kazi hii atulie kidogo, kwa sababu jambo hili huharibu asubuhi nyingi. Wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa sana, maji ya pwani yetu hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, na siku mbili tatu zinazofuata, maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, yaani saa zilezile ambazo abiria huwa wanashushwa. Boti huwa chini kabisa ya jeti, ngazi za chini zilizokuwa zimefunikwa na maji huwa wazi na zina utelezi, na anayetakiwa kuzipanda ni bibi wa miaka sabini na zaidi mwenye fimbo na mkoba. Weka watu wawili wenye nguvu, mmoja ndani ya boti na mmoja ngazini, nao washike mkono wa abiria juu ya kifundo badala ya vidole. Siku za maji mafu, yaani maji yasiyojaa wala kupwa sana, hali hugeuka, maji huwa juu katikati ya asubuhi na kushuka huwa kwepesi. Kwa kuwa maji huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku, usitegemee ulivyoyaona juzi. Tazama jedwali la kupwa na kujaa mara tu unapopewa tarehe ya meli, na kama saa ya kurudi itaangukia maji yakiwa chini, ongeza dakika 15 za kupandisha watu.

Kuhusu ukubwa wa kundi, watu 12 ni kiasi kizuri na 15 ndio mwisho. Vichochoro vya Mkomani vina sehemu ambazo punda mwenye mzigo na mtu mmoja hawapishani bila mtu kujibana ukutani. Kundi la watu 30 hufunga njia ya mji mzima, na walio nyuma hawasikii lolote. Meli ikileta watu 60, tafuteni waongozaji wanne wenye leseni ya mamlaka ya utalii, kisha mgawane njia ili wawili waanzie ngomeni na wawili waanzie makumbusho. Kila kundi liwe na msaidizi anayetembea wa mwisho, ambaye kazi yake ni kuhesabu vichwa kila mnapotoka mahali. Kijana wa mtaani mwenye adabu hufaa kwa kazi hii kuliko mwongozaji wa pili anayetaka naye kuzungumza.

Kabla ya kuondoka jetini, tumia dakika tano kueleza mambo ambayo ukiyasema baadaye yatakuwa lawama. Mji huu una misikiti mingi na watu wake wanaishi ndani ya hizo nyumba ambazo wageni huzipiga picha. Mabega na magoti yafunikwe, na ni vyema uwe na leso kadhaa safi mkobani za kuazima, maana wapo watakaoshuka na nguo za pwani hata kama waliandikiwa wasifanye hivyo. Asipigwe picha mtu bila ruhusa, hasa wanawake. Mwenye punda akiomba njia, wageni wakae upande mmoja wote pamoja, wasigawanyike kushoto na kulia. Waonye pia kuhusu mifereji iliyo wazi kando ya njia, kwani mtu anayetazama nakshi za mlango hatazami miguu yake.

Nashauri matembezi yaanzie Mkunguni, kwenye uwanja ulio mbele ya ngome, kwa kuwa hapo pana nafasi ya kukusanya watu na kivuli cha miti. Wape salamu wazee waliokaa hapo kabla ya kufungua mdomo kwa wageni. Kwa kuwa utawapitisha watu wa kigeni mbele ya baraza lao, salamu ni haki yao, na wageni wakiona unavyosalimu huelewa pasipo hotuba. Ngome ilianza kujengwa mnamo 1813, baada ya vita vya Shela, kijiji jirani kisiwani, ambamo watu wa Lamu waliwashinda Wapate na Wamazrui wa Mombasa, ikakamilika mnamo 1821 kwa msaada wa watawala wa Omani ambao Walamu walikuwa wameomba ulinzi wao. Kuanzia 1910 hadi 1984 ilikuwa gereza. Hayo yanatosha kwa watu waliosimama. Ukitaka kuingia kwenye majina ya masultani, ngoja wakuulize. Wenye uwezo wapande juu waone mapaa ya mji, na wasioweza wabaki chini na msaidizi, wakiwa na viti.

Kutoka hapo fuateni Usita wa Mui, njia kuu ya mji, kuelekea kaskazini. Njia hii ndiyo yenye maduka, nayo hupaswa kupitwa taratibu, lakini bila kusimama kwa hotuba kwa sababu ni njia ya watu ya kazi. Mwongozaji aonyeshe kwa mkono na kwa sentensi moja moja: mlango wa nakshi, daka (kibaraza cha mlangoni) lenye viti vya mawe pande mbili, wikio lililounganisha nyumba mbili juu ya kichochoro. Posta ya Wajerumani, iliyofanya kazi kutoka 1888 hadi 1891, ipewe nafasi ikiwa tu kundi lina Wajerumani au wapenda stempu.

Mahali ambapo singekubali pakatwe, hata muda ukiwa mfupi namna gani, ni Nyumba ya Kiswahili, nyumba ya zamani iliyofanywa makumbusho. Lamu iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001 kwa sababu ya mji wenyewe, yaani nyumba zake na watu wanaoendelea kuishi humo, wala si kwa sababu ya jengo moja kubwa. Mgeni aliyeona kuta tu za nje, ambazo kwa makusudi hazionyeshi kitu, huondoka na picha za milango bila kujua mlango unaficha nini. Ndani ya nyumba hii ya karne ya 18 unaweza kumsomesha mji wote kwa dakika 25. Anza na daka, ambapo mwenye nyumba huzungumza na mtu asiye wa kuingia. Kisha tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, ambayo hupinda ili aliye njiani asione kiwanda, yaani ua wa ndani, hata mlango ukiwa wazi. Kutoka kiwandani wapeleke msana wa tini na msana wa yuu, yaani kumbi mbili ndefu zinazofuatana, halafu ndani, chumba cha faragha zaidi, na uwaonyeshe kwamba sakafu hupanda kidogo kila wanaposogea, na kwamba kila hatua inapunguza idadi ya watu wanaoruhusiwa kufika. Ndani ndipo penye ukuta wa zidaka, yaani vishubaka vya kuwekea vitu, uliochongwa kwa chokaa, na nyuma yake kuna nyumba kati, ambamo wanawake walijifungulia na maiti walioshewa.

Wageni wengi huuliza kwa nini vyumba ni virefu na vyembamba. Jibu lake liko juu ya vichwa vyao: dari limebebwa na boriti za mikoko, na boriti haina urefu wa kutosha kuvuka chumba kipana, hivyo upana wa chumba uliamuliwa na mti uliokatwa kwenye mikoko, nayo nyumba ikarefuka ubavuni. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene, na ndiyo maana saa tano ya mchana humo ndani kuna ubaridi. Waache wakae kimya kidogo wausikie ubaridi huo. Ni dakika mbili ambazo hazikugharimu chochote.

Teremkeni kutoka hapo hadi makumbusho ya pwani. Muda ukiwa umebana, ingia moja kwa moja kwenye siwa mbili, yaani baragumu kubwa za sherehe, ile ya pembe ya ndovu iliyotoka Pate na ile ya shaba ya Lamu, ueleze kwamba zilipulizwa katika harusi na shughuli za wenye mji, kisha uwape wageni muda wa kuzunguka wenyewe. Vyoo vitumike hapa, kwa kuwa baada ya hapa ni ununuzi, kisha boti.

Ununuzi upewe dakika 20, mahali pamoja penye maduka yanayokaribiana. Kofia za vito (zilizodariziwa kwa mkono), sanduku za kuchonga na kazi za fedha ni vitu halisi vya huku na havimlemei msafiri. Kuna waongozaji wanaopeleka kundi kwenye duka moja tu kwa ajili ya kamisheni. Wageni wa meli hutambua haraka, huandika, na meli ijayo huomba mtu mwingine. Waambie wazi kwamba vitu vya magamba ya kasa na pembe za ndovu havinunuliwi, na kwamba mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu 2017, hivyo waje na mkoba wa kitambaa.

Kama siku ni ya Ijumaa, matembezi yote yaishe kabla ya saa sita mchana. Maduka hufungwa, njia hujaa wanaokwenda msikitini, na kundi la wageni lililosimama katikati huwa kero kwa kila mtu. Siku nyingine, adhana ya adhuhuri husikika muda mfupi baada ya saa sita. Nyamazeni, kisha endeleeni.

Vijiji vya Shela na Matondoni na magofu ya Takwa, yaliyo kisiwa cha Manda, visiingizwe katika saa tatu, hata mgeni akikuonyesha picha kwenye simu yake. Shela iko umbali wa kilomita 3 hivi, na ukishawatia watu botini kwenda huko umekwisha kupoteza nusu ya muda. Asiyeweza kutembea mpe njia nyingine ya heshima: akae kwenye kivuli pwani na dafu, au azungushwe kwa mashua mbele ya mji, ambako ataona ukingo wote kutoka Mkomani hadi Langoni, mtaa wa kusini, bila kupanda ngazi. Usimdanganye kwamba njia ni tambarare. Kipindi cha kaskazi, Desemba hadi Machi, ambacho ndicho meli hizi huonekana zaidi, joto ni kali. Maji yawe ya kutosha, na mwongozaji ajue njia fupi ya kufika Hospitali ya King Fahd kutoka kila mahali pa kusimama.

Jetini, msaidizi ahesabu vichwa kabla ya mtu yeyote kupanda, nawe uhesabu tena botini, kisha umwite mtu wa meli naye ahesabu mbele yenu na kutia sahihi kwenye orodha. Atakayekosekana atafutwe na msaidizi. Wewe ubaki na kundi. Boti ikishaondoka, walipe nahodha, msaidizi na wapokea watu wa ngazini siku hiyohiyo, bila kusubiri malipo ya wakala, ambayo yanaweza kuchukua majuma.