Kumchana paka badala ya kumkogesha kila mara

Paka wa nyumbani hana haja ya kukogeshwa mara kwa mara, kwani hujisafisha mwenyewe kwa ulimi; kinachomfaa zaidi ni kuchanwa kwa kitana chenye meno ya karibu karibu, kile kile cha kutolea chawa, kuanzia shingoni hadi kwenye shina la mkia, kwa kufuata ulalo wa manyoya. Chembe nyeusi zikinasa, zidondoshe juu ya kitambaa cheupe kilichorowa: zikiacha rangi nyekundu, hicho ni kinyesi cha viroboto, ambacho asili yake ni damu waliyoinyonya.

Hapa Unguja na Pemba, ambako chupa ya mafuta ya karafuu ni rahisi kupatikana, mtu anaweza kushawishika kumpaka paka mafuta hayo ili kufukuza wadudu. Asithubutu, kwa sababu ini la paka haliwezi kuivunja vyema yujenoli, kemikali iliyojaa katika karafuu, naye huilamba yote anapojisafisha. Dawa za mbwa zenye pemethrini, yaani sumu ya kuulia wadudu, nazo zisimguse kabisa.

Mbwa, kwa wachache wanaomfuga, achunguzwe zaidi masikioni na baina ya vidole. Kupe avutwe kwa kibano karibu na ngozi, bila ya kumminya.