Kabla ya safari ndefu: vifaa vya kubeba kwenye pikipiki huku Magharibi mwa Kenya

Ukitoka Kisumu kwenda Kitale kwa kupitia Kakamega na Webuye, karibu kila soko unalolipita lina fundi wa pikipiki. Utamkuta chini ya mti au kwenye banda la mabati, ana spana za kila namba, ana pampu, ana nyundo. Anayejaza mfuko wake spana tupu anabeba kitu ambacho fundi huyo anacho tayari. Ambacho fundi huenda hana ni tyubu ya saizi yako, waya wa klachi wa modeli yako au kiungo cha cheni ya namba yako. Pikipiki wanazotumia bodaboda wengi zina vipuri kila banda. Ukiendesha nyingine, hata iwe imara kiasi gani, utaambiwa, "Hiyo labda uipate Kakamega mjini." Ndiyo maana mimi hufunga mfuko kwa mpango huu: kwanza vitu vya kunifikisha soko linalofuata, halafu vitu ambavyo soko hilo halina.

Kabla ya kununua chochote, fikiria njia yenyewe. Kuna vipande ambavyo hutapata banda hata moja kwa muda mrefu: barabara za ndani ya Msitu wa Kakamega, mpando wa kutoka Chemelil kwenda Nandi Hills, na kule juu kati ya Mau Summit na Timboroa ambako baridi hufanya vidole vigome kushika nati ndogo. Usiku ukiingia, hata barabara yenye mabanda huwa haina fundi. Mvua ya Kericho nayo huja mchana mara nyingi, na hapo kila mtu amejibanza barazani.

Tatizo litakalokupata kabla ya mengine yote ni pancha, na mara nyingi ni ya nyuma kwa sababu uzito uko huko. Tambarare za Kano zina miiba ya migunga. Nchi ya miwa, kuanzia Muhoroni na Chemelil hadi Mumias, ina visiki vya miwa iliyokatwa na vipande vya chuma vinavyodondoka kwenye matrela. Kwa hivyo nusu ya mfuko ni ya tairi, na sioni kama hiyo ni nyingi.

Beba tyubu mpya, isiwe iliyozibwa. Soma namba kwenye ubavu wa tairi lako: pikipiki nyingi ndogo zina 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma, na dukani utapata tyubu iliyoandikwa saizi zote mbili, hivyo moja inatosha. Zenye rimu za 18 zinahitaji ya 18. Hapo hakuna kubahatisha. Ongeza viraka, msasa mdogo, gundi, vyuma viwili au vitatu vya kutolea tairi, pampu ya mkono yenye mpira wa kujipinda, na kipimo cha upepo kama huna uhakika na kidole chako. Pikipiki nyingi za injini ya cc 100 hadi 150 hutaka upepo wa takriban PSI 25 mbele na 28 hadi 32 nyuma, kutegemea kama umebeba mtu.

Gundi ni ya kuangaliwa kila mara. Ukishatoboa kile kitubu kidogo, hata ukikifunga vizuri, ndani ya muda mfupi kitakuwa kimekauka. Nunua vidogo viwili, kimoja kibaki hakijatobolewa kamwe hadi siku ya shida. Na gundi haitaki haraka: kwangua tyubu kwa msasa hadi ipoteze mng'ao, paka utando mwembamba, ngoja ukauke hadi usinate kwenye kidole, ndipo ubandike kiraka na kukikandamiza kwa nguvu kuanzia katikati kwenda pembeni. Anayebandika gundi ikiwa bado mbichi ataziba pancha ileile tena mbele kidogo.

Kabla ya kutoa tyubu, weka alama ya chaki au kalamu kwenye tairi pale vavu ilipo. Ukipata tundu kwenye tyubu, alama hiyo inakuonyesha sehemu ya tairi yenye mwiba. Pitisha kitambaa ndani ya tairi, usipitishe vidole vitupu. Kitambaa kitanasa pale chuma kilipochomoza. Watu wengi hubadilisha tyubu na kuacha mwiba ndani.

Sasa spana. Usinunue seti nzima. Simama kando ya pikipiki yako na uhesabu nati utakazozigusa ukitoa gurudumu la nyuma: nati ya ekseli, nati za kukazia cheni, nati ya fimbo ya breki na ile ya mkono unaoshikilia bamba la breki. Kwa kawaida ni 10, 12, 14 na 17 au 19, lakini pima zako mwenyewe. Kumbuka ekseli ina ncha mbili: ukishika nati upande mmoja, upande wa pili huzunguka nayo, hivyo unahitaji spana mbili. Kuna jambo jingine ambalo halionekani hadi siku yenyewe. Nati hiyo ikiwa ilikazwa na fundi kwa spana ndefu yenye bomba, spana yako fupi haitaifungua. Ilegeze nyumbani, kisha uikaze mwenyewe kwa spana ileile ya mfukoni.

Kwa kweli kazi yote hiyo ifanye nyumbani mara moja, uani, ukitumia vilivyo mfukoni tu. Toa gurudumu, toa tyubu, rudisha. Springi na pini ndogo za fimbo ya breki ziweke ndani ya helmeti zisipotee kwenye nyasi. Kila utakaponyanyuka kwenda kuchukua kitu ndani ya nyumba, kitu hicho kinaingia mfukoni. Kile ambacho hukukigusa na huwezi kueleza kitatumika lini, kitoe.

Baada ya tairi ni cheni na nyaya. Beba kiungo cha kuunganishia cheni cha namba yako, pamoja na plasi ya mdomo mwembamba. Kile kibanio kidogo kina upande uliofungika na upande wenye mwanya: uliofungika ndio uelekee kule cheni inakokimbilia, la sivyo kitachomoka. Waya wa klachi huanza kukatika uzi mmoja mmoja pale kwenye mkono wa usukani. Ukiona nyuzi zimesimama, badilisha kabla ya safari. Waya wa akiba naupendelea ufungwe kabisa kwa mkanda sambamba na ule wa zamani, ncha zimefunikwa zisiingie maji. Ukikatika ule, unahamisha ncha mbili tu, bila kufungua tangi wala kupinda kitu kwenye baridi.

Plagi moja mpya na bomba la kuifungulia, basi. Fyuzi mbili za nguvu ileile iliyoandikwa kwenye ya sasa. Usiweke kubwa zaidi wala waya mtupu, kwa sababu kitakachoungua baadaye ni nyaya zenyewe. Balbu ya mbele, mkanda mweusi wa umeme, waya laini wa kufungia, bisibisi ya ncha mbili. Bisibisi hiyo itakusaidia pia kule Kano mvua ikinyesha, udongo mweusi unapojaa chini ya madigadi hadi gurudumu linagoma kuzunguka.

Namna ya kufunga ina uzito wake. Spana zikigongana na tyubu kwa kilomita nyingi za changarawe, tyubu mpya inatobolewa ndani ya mfuko. Ipake unga wa poda, ikunje bila upepo, izungushie kitambaa na uiweke kwenye mfuko wake. Spana zifungwe kwenye turubai iliyoshonwa vijifuko, zipakwe oili kidogo zisishike kutu. Tochi iwe ya kuvaa kichwani, mikono ibaki huru.

Ukiharibikiwa usiku, sukuma pikipiki itoke kabisa kwenye lami kabla ya kufungua mfuko. Vaa jaketi ya kuakisi mwanga, iwe juu ya mfuko na si chini kabisa. Desturi ya kutandaza matawi barabarani kuonya magari inasaidia, ila ukimaliza yaondoe yote, maana nyuma yako kuna mwingine kwenye pikipiki.